Pasaka mbili na unga wangu kabatini

Wiki mbili kabla ya Pasaka ya Kiyahudi ya 2020, Bibi alinyooshea kidole mfuko wangu wa unga wa mahindi akasema, "Na huo pia." Nikajua basi, wiki nzima bila ugali.

Si bibi yangu wa damu. Ninamtunza hapa Haifa, Israeli, ana miaka 88, mzaliwa wa Romania. Kwao wana ugali wao, wanauita mămăligă, na ndio uliotupatanisha tangu siku za kwanza, kabla Kiebrania changu hakijasimama. Lakini Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki hawagusi mahindi wakati wa Pasaka, wala mchele, wala maharage. Wasefardi wengi, yaani Wayahudi wenye asili ya Hispania, wanakula bila wasiwasi. Nilijaribu kumkumbusha hilo. Akanitazama tu.

Unga ukaingia kabatini pamoja na tambi na biskuti, tukafunga milango kwa selotepu. Vitu vya ngano, isipokuwa matza, mkate bapa usiotiwa chachu, havitakiwi hata kumilikiwa, kwa hiyo mwanawe aliviuza kupitia rabi kwa mtu asiye Myahudi, hadi sikukuu iishe. Nikamuuliza mbona asiniuzie mimi niliye papa hapa jikoni.

Jumanne tarehe 7 Aprili, kuanzia saa moja jioni, kwa sababu ya korona, hakuna kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Mwanawe akawahi mchana. Aliacha mfuko mlangoni, akashuka, akasimama barabarani, na Bibi akampungia mkono kutoka kwenye roshani. Ndani ya mfuko mlikuwa na trei ya mayai 30! Mayai yalikuwa yameadimika nchi nzima, maana Pasaka bila mkate wa kawaida ni mayai asubuhi, mchana na jioni. Bibi aliyahesabu mara mbili.

Mwanawe alitaka wale pamoja kwa video. Marabi kadhaa wa Kisefardi walikuwa wameruhusu kompyuta iwashwe kabla ya sikukuu kuingia ili wazee wasikae peke yao, maana sikukuu ikishaingia vifaa vya umeme haviwashwi; marabi wakuu wakapinga. Bibi akasema yeye si Msefardi. Basi, hadithi ileile ya mahindi.

Jumatano, siku ya mlo wa kufungua Pasaka, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa moja asubuhi ya kesho yake, marufuku kutoka nyumbani. Meza ya watu kumi na wanne tukaitandika kwa wawili: matza, mboga chungu, maji ya chumvi, yai. Sasa, desturi ni mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza maswali manne. Mdogo nilikuwa mimi, mama wa watoto watatu. Nilikuwa nimeyaandika mapema nyuma ya bahasha kwa herufi zetu: *ma nishtana ha-laila ha-ze*, usiku huu una tofauti gani na nyingine zote. Saa mbili unusu watu wakatoka kwenye roshani kuyaimba, mtaa mzima. Nikatoka na bahasha yangu. Bibi hasikii vizuri, lakini kosa langu la mstari wa pili alilisikia akiwa amekaa mezani, akanirudisha mwanzo. Jirani wa juu ikabidi anisubiri.

Jumapili ya tarehe 12 barakoa zikawa lazima, na siku hiyohiyo ilikuwa Pasaka yangu mimi, ya Kikristo. Misa niliifuata kwenye simu, sauti nimeipunguza. Mchana nikakata leso yangu moja, nikashona barakoa mbili. Bibi alishuka nami kutupa taka akiwa na nusu ya methali puani.

Tarehe 15, giza lilipoingia tu, nikabandua selotepu. Sikungoja hata simu ya mwanawe ya kusema vitu vimerudi kuwa vyetu. Nikasonga ugali, wake nikaupakulia na jibini na krimu chachu, wangu na kabeji.

Akaubonyeza kwa kijiko. "Mgumu," akasema. "Huu ni wa kujengea nyumba."

Akamaliza sahani yote.