Kiganja cha dada yangu na uchungu wa mgongo

Ule ushauri wa "hema haraka haraka" sitaki kuusikia tena. Kwenye mimba yangu ya pili nilipewa na shangazi, nikapewa na majirani, kila mtu kwa uhakika kabisa. Uchungu ulipoanza kukolea nikaufuata barabara: nahema juu juu, mdomo wazi, vile vile nilivyoonyeshwa. Punde midomo ikaanza kuwasha, vidole vikafa ganzi na kujikunja, kichwa kikazunguka nikashika ukuta. Maumivu hayakupungua hata chembe. Sista wa zamu ndiye aliyenikamata mabega: "Mama, toa pumzi polepole, kama unapoza chai. Ukihema hivyo kaboni dayoksaidi inapungua mno mwilini, ndiyo maana vidole vinakufa ganzi." Baada ya muda vidole vikakunjuka.

Pumzi ndefu zilinituliza, ila maumivu yangu mimi yalikuwa kiunoni, si tumboni. Sista alinipima akasema kisogo cha mtoto kimeelekea uti wa mgongo wangu. Shangazi alikuwa ameniagiza nilale chali nitulie, na kulala chali kwa uchungu wa namna ile simwombei mtu. Nikapiga magoti chini kwenye khanga, kifua kitandani, tumbo linaning'inia, nikizungusha nyonga ili mtoto apate nafasi ya kugeuka.

Sasa dada yangu. Tulifanya mazoezi nyumbani jioni nyingi, na ninajivunia hilo. Uchungu ukianza tu nasema "sasa", naye anaweka kiganja kwenye mfupa bapa ulio juu kidogo ya kitako, anakandamiza kwa uzito wa mwili wote. Si kupapasa! Kupapasa kuliniudhi. Mkono ukichoka anazungusha khanga nyongani, anapishanisha ncha na kuzivuta, mifupa ya nyonga inabanwa pande zote mbili. Kati ya uchungu na uchungu ananiwekea taulo lililokamuliwa maji moto ya chupa ya chai.

Dada alinikumbusha pia kwenda kukojoa, maana kibofu kikijaa kinamzuia mtoto kushuka. Kuna mtu aliyeleta mizizi ya kuharakisha uchungu, niliikataa katakata. Dawa hizo zinaweza kubana mfuko wa uzazi mfululizo hadi ukapasuka, na mtoto akakosa hewa.

Njia ilipokaribia kufunguka yote nilitetemeka, nikatapika, nikasema siwezi tena. Sista akaniambia wengi husema hivyo wakiwa wamekaribia kabisa. Binti yangu alizaliwa muda mfupi baadaye, nikiwa bado kwenye magoti.

Maumivu ya tumbo yaliyonikaba usiku ule kila aliponyonya, ambayo kwa mtoto wa pili huwa makali zaidi, hayo nilimezea parasetamo bila kusita.