Kijia Nyuma ya Kichaka

Kamba ya kiatu changu cha kushoto ilifunguka nikiwa katikati ya mzunguko ambao nimekuwa nikiukimbia kwa zaidi ya miaka miwili, na kama si kamba hiyo nisingekuwa na jambo la kuandika leo. Mzunguko wenyewe hauna la kusimuliwa: ni kilomita tano za lami zinazoanzia na kuishia mlangoni kwangu, ambazo miguu huzimaliza yenyewe huku akili ikishughulika na mambo mengine. Niliamini kwamba naufahamu mtaa huu kuliko mtu yeyote, kwa kuwa nimeupita asubuhi na jioni, juani na kwenye manyunyu, na najua hata geti lipi lina mbwa anayebweka sana bila nia ya kuuma.

Nilipoinama kufunga kamba, macho yangu yakawa usawa wa goti, na ndipo nilipoona kwamba chini ya vichaka vilivyopakana na barabara palikuwa na mstari mwembamba wa udongo mtupu uliopenya kuelekea ndani. Kwa mtu aliyesimama wima, matawi yalikuwa yamefungana juu yake kama pazia. Nyasi hazikosi kuota bure mahali penye mvua na mwanga. Zikikosekana katika mstari namna ile, ni kwamba miguu imepita hapo mara nyingi kiasi cha kuushindilia udongo, matundu madogo ya kupitishia hewa na maji yakazibika, na mizizi michanga ikashindwa kupenya. Kwa hiyo palikuwa na watu wanaopita. Swali likawa wanaelekea wapi.

Nilisukuma tawi kwa kiwiko nikaingia nikitarajia miiba, kumbe ndani kulikuwa na nafasi tele. Nilisimama nikishangaa, hadi nilipotazama juu nikaelewa. Ukingoni mwa msitu jua huingia kwa ubavu, na kila kichaka na kila mmea wa kutambaa hugombania mwanga huo, ndiyo maana pale nje panaonekana kama ukuta. Lakini hatua ishirini tu ndani, miti mikubwa imekwisha kuukinga mwanga wote juu, na chini yake hubaki mimea michache inayovumilia kivuli, pamoja na zulia la majani makavu. Miaka yote miwili nilikuwa nikiutazama ukuta, nikauita pori lisilopitika, na nikaacha kuutazama.

Nikaanza tena kukimbia, au tuseme kujaribu kukimbia. Lami humzoesha mtu hatua zinazolingana, ilhali kwenye kijia kila hatua ina shauri lake: hapa mzizi, hapa jiwe lililolegea, hapa majani yaliyoficha shimo. Vifundo vya miguu vilifanya kazi ambayo sikumbuki kama viliwahi kufanya, nami nikajikuta nakata hatua fupifupi na kuinua magoti juu zaidi, macho yakiwa mita tatu au nne mbele badala ya kutua kwenye saa. Hata hiyo saa, ambayo hurekodi njia ninayopita, haikuwa na msaada mkubwa. Ishara zake hutoka kwa setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 20,200 juu ya dunia na hufika zikiwa hafifu sana, hivyo majani mazito yenye unyevu huzidhoofisha na mashina ya miti huzipotosha. Nilipotazama ramani baadaye, mstari wa safari yangu ulikuwa umerukaruka kama panzi, na kwa mujibu wake kuna mahali nilikimbia juu ya paa la nyumba.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Harufu ile ya udongo uliolowa, ambayo wengi wetu tunaidhani ni ya maji yenyewe, hutokana kwa sehemu kubwa na jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huinusa hata ikiwa kidogo mno. Barabarani nilikuwa nimeisikia kwa mbali tu. Humu ilikuwa nzito kiasi kwamba nilipunguza mwendo ili niivute vizuri, na huo ukawa ukomo wa mpango wangu wa kushinda muda wa wiki iliyopita.

Kijia kilishuka hadi kwenye kijito chembamba, na hapo, juu ya gogo lililolazwa kuwa daraja, nilimkuta mzee mmoja akivuka taratibu na fimbo yake. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Umepotea, mwanangu?" Nilimjibu kwamba nilikuwa nakimbia tu. Alivitazama viatu vyangu vilivyojaa tope, akasema, "Basi ukifika kwenye kona, nenda polepole. Kuna mzizi pale umeangusha wengi." Niliuona huo mzizi: mnene kama mkono, umesuguliwa na nyayo hadi ukang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Mwaka 1982 serikali ya Japani ilianza kuwahimiza raia wake kutembea msituni kwa utulivu kwa ajili ya afya, zoezi waliloliita shinrin-yoku, yaani kuoga msitu, na nadhani yule mzee amekuwa akioga hivyo muda mrefu bila kuhimizwa na mtu.

Baada ya kona kijia kilipanda, kikapinda, na kunitoa nyuma ya ukuta ninaoufahamu vizuri, kwa kuwa ni pale ambapo kila siku hujiambia kuwa imebaki kilomita moja. Safari nzima ya ndani haikuzidi robo saa.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua mwenzangu ninayekimbia naye, nikiwa nimemsifia kijia hicho kwa siku tatu mfululizo. Tulipita pale mahali tukafika hadi njiapanda. Tukarudi, tukapita tena. Alianza kuniuliza, kwa adabu, kama nina hakika halikuwa jambo la ndotoni. Hatimaye nilipiga goti kando ya barabara kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, nikainamisha kichwa, na mstari wa udongo ukaonekana, hatua mbili kutoka tuliposimama. Naye akapiga goti, akatazama, akanyamaza kidogo. "Kumbe!" alisema, na papo hapo akatangulia kuingia. Nilimwachia nafasi hiyo kwa moyo mkunjufu, maana sikuwa nimemweleza kwamba mtu wa kwanza kupita asubuhi ndiye anayekusanya tando zote za buibui usoni.