Usiku wa Diwali tulipozihesabu karata za Ba

Ba, bibi wa nyumba niliyopanga, hakutaka pesa kwenye karata zake. Wiki ya Diwali ilipokaribia alikusanya mbegu za ukwaju kutoka jikoni, akaziosha, akazianika barazani, kisha akazitia kwenye kopo la biskuti. Usiku wa sikukuu kila mchezaji alihesabiwa mbegu zake, na aliyeishiwa alikaa pembeni akila vitafunio vya mathiya hadi mtu amwonee huruma na kumkopesha. Sheria nayo ilikuwa upande wake. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya India, ilipokuwa ikiamua kwamba rummy, mchezo mwingine wa karata, ni mchezo wa ujuzi, iliutenga mchezo wa karata tatu, ndio teen patti aliyocheza Ba, na kusema huo ni bahati tupu. Ba alikuwa na maoni yake kuhusu hilo la bahati tupu, na usiku ninaousimulia nilipata kuyaelewa.

Ilikuwa Oktoba 2014. Nilikuwa mpangaji wao mtaa wa Fatehgunj, mjini Vadodara, karibu na Chuo Kikuu cha Maharaja Sayajirao nilikokuwa nasoma takwimu. Wenzangu wa darasani walishakwenda makwao, na nauli ya kwenda Tanga na kurudi kwa likizo fupi namna ile haikuwa ya kufikiria. Jioni ya Diwali, fataki zikilia kila upande, Ba akaniita kutoka chini ya ngazi: "Mwanangu, shuka. Leo hukai juu peke yako."

Aliniita kwa Kiswahili. Ba alizaliwa Unguja, Mji Mkongwe, baba yake akiuza vitambaa, na mwaka 1964 akiwa msichana familia ikahamia Gujarat. Miaka 50 baadaye bado alisema "njoo ule" na "wacha utundu" kama mtu aliyetoka Darajani asubuhi hiyo. Kwa watoto na wajukuu alisema Kigujarati. Aina nne za karata, hata akiwa nao, alizitaja kwa Kiswahili: shupaza, kopa, uru, pau. Wajukuu walizijua kwa majina hayo hayo na waliona ni kawaida kabisa.

Sebuleni walikuwa wametandika shuka jeupe sakafuni. Nje ya mlango kulikuwa na rangoli, pambo lililochorwa sakafuni kwa unga wa rangi, na taa ndogo za udongo zilizopangwa ukingoni mwa baraza. Tulikuwa watu sita: Ba, mwanawe wa kiume na mkewe, binti yake mkubwa, mjukuu aliyekuja kutoka Leicester, na mimi. Kabla ya kuchanga karata Ba alitukumbusha kisa ambacho Wahindu wengi hukisimulia siku hiyo, kwamba mungu mke Parvati alicheza dadu na mumewe Shiva usiku wa Diwali, akasema atakayecheza usiku huo atafanikiwa mwaka mzima. Akamaliza, akanipa karata nikate.

Kwa asiyeijua teen patti: kila mtu huweka dau dogo la kuanzia, hupewa karata tatu zikiwa zimefunikwa, basi. Huokoti nyingine wala hubadilishi. Unaweza kucheza bila kuzitazama, na hapo dau lako ni nusu ya lile la aliyezitazama. Ukishaona, unalipa mara mbili ya asiyeona. Anayekata tamaa anafunga karata zake. Wakibaki wawili, mmoja anaweza kulipa na kudai zifunuliwe, na mwenye karata bora anazoa mbegu zote.

Kujua karata ipi ni bora ndiyo roho ya mchezo. Ba alinifundisha mpangilio ule mwaka wangu wa kwanza, akiwa anachambua mchele. Juu kabisa ni treli, yaani karata tatu zinazolingana, na ree tatu hazishindwi na kitu. Chini yake mfuatano safi, kama nne, tano na sita zote za kopa. Kisha mfuatano wa kawaida, ambao aina zimechanganyika. Kisha rangi, yaani tatu za aina moja zisizofuatana. Kisha jozi. Mwisho ni zile zisizo na chochote, ambapo karata kubwa ndiyo huamua. Kwetu tungeziita garasa. Katika mifuatano, ree, kingi na kwini ndiyo ya kwanza, na ree, mbili na tatu ni ya pili, juu ya kingi, kwini na jeki. Wageni hushangazwa na hiyo ya pili. Mimi naipenda, kwa sababu inaipa ree kazi pande zote mbili.

Katikati ya usiku walibaki wawili, mjukuu na shangazi yake. Fungu la mbegu lilikuwa kubwa, pengine kubwa kuliko yote ya usiku ule, na kwa muda mrefu hakuna aliyekubali kufunga. Mjukuu akalipa, akadai zifunuliwe. Akaweka chini kingi, tisa na nne, zote za kopa, akaanza kuvuta mbegu. Shangazi akamshika mkono. Yake ilikuwa sita ya pau, saba ya uru, nane ya shupaza.

"Rangi inashinda mfuatano," kijana akasema. Alikuwa mchezaji wa poka huko Uingereza, na katika poka ya karata tano ndivyo ilivyo. Shangazi akamwambia hapa si Uingereza. Baba wa kijana akasema kila nyumba ina kanuni zake. Hilo kijana hakulikubali, na nilimheshimu kwa kutolikubali: alisema kanuni lazima iwe na sababu, kilicho adimu kinapaswa kushinda kilicho kingi, na kama hapa ni kinyume basi kuna mtu alikosea zamani na wote wakamfuata.

Ba hakukasirika. Alimtazama kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali zuri nyumbani kwake, kisha akanigeukia. "Wewe si unasoma hesabu? Mpe jawabu. Karata hizi hapa, karatasi ile pale."

Nilianza na jumla. Karata ya kwanza inaweza kuwa yoyote kati ya 52, ya pili yoyote kati ya 51, ya tatu kati ya 50. Hiyo ni 132,600. Lakini mkononi haijalishi ipi ilikuja kwanza, na karata tatu zinaweza kupangwa kwa njia 6, kwa hiyo unagawa kwa 6. Mikono yote inayowezekana ni 22,100. Niliiandika juu ya karatasi na kuipigia mstari.

Kisha rangi. Nilitenga kopa zote 13, nikazipanga kwenye shuka. Ukichagua tatu kati ya 13 unapata njia 286. Aina ziko nne, kwa hiyo 1,144. Ndani yake kuna zinazofuatana, ambazo ni mfuatano safi na lazima zitoke. Tulizihesabu kwa kidole, mjukuu na mimi: ree-mbili-tatu, mbili-tatu-nne, hadi kwini-kingi-ree. Ziko 12 kwa kila aina, jumla 48. Rangi zikabaki 1,096.

Mfuatano ulikuwa rahisi zaidi, na hapo Ba mwenyewe aliingia. Aliweka nne, tano na sita sakafuni. Akatoa nne ya kopa akaweka ya pau, akatoa ya pau akaweka ya uru, kisha ya shupaza. Akagonga tano kwa kucha: hii nayo hivyo hivyo. Na sita hivyo hivyo. Nne mara nne mara nne, 64. Mifuatano iko 12, kwa hiyo 768, na ukitoa zile 48 safi zinabaki 720.

Mia saba na ishirini kwa elfu moja na tisini na sita. Mfuatano ni adimu kuliko rangi. Shangazi alizivuta mbegu zake.

Kijana hakuridhika bado, na hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Akauliza, mbona poka basi? Je, wao ndio waliokosea? Nikapindua karatasi. Kwa karata tano mifuatano ni 10, lakini kila karata ya ziada inazidisha uchaguzi wa aina kwa nne: 64 inakuwa 1,024. Hiyo ni 10,240, ukitoa 40 safi ni 10,200. Rangi nayo, kuchagua tano kati ya 13 ni njia 1,287, mara nne ni 5,148, ukitoa 40 ni 5,108. Kule rangi ni nusu ya mifuatano. Poka wako sawa na Ba yuko sawa. Karata mbili za ziada ndizo zinazoupindua mpangilio. Kijana alizisoma namba zile polepole kutoka juu hadi chini, kisha akamwambia shangazi yake kwa Kigujarati kwamba fungu ni halali yake.

Tukaendelea, maana hakuna aliyetaka kuishia hapo. Jozi ni 3,744. Garasa ni 16,440, karibu robo tatu ya mikono yote. Nikawaonyesha namba hiyo kwa sababu naona ndiyo inayoueleza mchezo wenyewe: mara nyingi watu wote mnaotazamana hamna kitu, na mnajua. Ndiyo sababu jozi ya kawaida ni mali, na ndiyo sababu asiyetazama karata zake anaweza kuwakimbiza waliotazama. Mahakama ilisema bahati. Karata unazopewa ni bahati kweli. Ila kujua ukae au ufunge ukiwa na garasa, hilo Ba hakulipata kwa bahati.

Mwisho treli. Nne zinazolingana ukichagua tatu ni njia 4, kwa namba 13 ni 52. Kijana akaiona kabla sijasema. Mfuatano safi ni 48. Treli ni 52. Kwa kanuni yake ya uadimu, mfuatano safi ulipaswa kukaa juu.

Sote tukamgeukia Ba. Akauliza tofauti ni ngapi. Nne, kati ya 22,100. Akafikiri, akasema kwa Kiswahili, nami nikawatafsiria: "Baba aliweka treli juu, na baba yake pia. Mimi sitamwambia mtu mwenye ree tatu kwamba ameshindwa na mbili, tatu na nne kwa sababu ya nne." Nakubaliana naye hadi leo. Yote mawili hutokea kwa nadra mno kiasi kwamba tofauti ile huioni katika maisha yote ya kucheza, na karata tatu zinazolingana kila mtu anaziona kwa jicho moja, hata mtoto.

Ba alikuwa na swali lake. Alitaka kujua kuhusu ree moja isiyo na jozi wala chochote. Kila mtu nyumbani alimjua kwa tabia hiyo: wakibaki wawili, Ba mwenye ree hafungi, hata umwekee mbegu zote za kopo. Mwanawe alimlaumu kwa hilo kila Diwali.

Nikahesabu. Mikono yote kuanzia jozi kwenda juu ni 5,660. Garasa zenye ree ni 3,840. Jumla 9,500, nusu ya 22,100 ni 11,050. Mwenye ree moja tu, hata yenye visindikizo dhaifu, yumo katika nusu ya juu. Mkono wa katikati kabisa ni garasa ya kingi. Nilimwambia pia kwamba wakiwa sita hesabu ni nyingine, ree moja haitoshi. Akasema hilo analijua, ndiyo maana huwa anasubiri wabaki wawili.

Alimtazama mwanawe kwa muda. Kisha akakusanya karata zote kutoka kwenye shuka, akazichanga, akampa mjukuu wa Leicester akate, na kuniambia nigawe.