Kumtafuta Juliet hadi Little Ferry

Nilishuka treni ya chini ya ardhi Mtaa wa 175, kaskazini mwa Manhattan, nikavuka daraja la George Washington kwa miguu. Nilikuwa nimeungoja Julai makusudi, nilionje lile joto la Julai 1937, ghala la filamu lilipoungua Little Ferry. Daraja lina urefu wa kilomita moja na nusu hivi. Magari yananguruma ubavuni, chini kabisa mto Hudson, mbele majabali ya Palisades. Sijafika hata katikati, shati limeloa chapachapa.

Ng'ambo ni Fort Lee, New Jersey. Kabla Hollywood haijawika, sinema nyingi za Marekani zilipigwa hapa, na hapa ndipo nyota ya mwigizaji Theda Bara ilipoanza kung'aa mwaka 1915. Kuna mtaa uliopewa jina lake. Nilisimama chini ya kibao nikikitazama, wapita njia wakinipisha.

Bara namjua zaidi kwa picha za mnato. Oktoba 1916 kampuni ya filamu ya Fox ilimtoa akiwa Juliet, katika "Romeo and Juliet" ya sinema bubu. Mwezi huohuo kampuni ya Metro nayo ikatoa ya kwake, watazamaji wakawa na Juliet wawili wa kuchagua. Leo hayupo hata mmoja. Filamu zote mbili zimepotea. Bara alicheza filamu takriban 40, na zilizosalia nzima ni chache mno.

Nikachukua teksi hadi Little Ferry, mji mdogo kando ya mto Hackensack. Hapa Fox walikuwa wamehifadhi mikanda yao. Mikanda ya zama zile ilikuwa ya naitreti, plastiki inayoshika moto upesi. Ikichakaa hutoa gesi, na ikishika moto huendelea kuwaka hata ukiizamisha majini, kwa kuwa hujitolea oksijeni yenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Julai 1937, katika kipindi cha joto kali, ghala lililipuka. Mikanda zaidi ya 40,000 iliteketea, na sehemu kubwa ya kazi za Fox za enzi bubu ikaishia hapo. Moto ukaruka hadi kwa majirani. Mama mmoja na wanawe wawili waliungua wakikimbia, na mtoto mmoja, wa miaka 13, akafariki.

Kisha masalia yakasombwa kwa malori, wakayatoa madini ya fedha. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kwenye mkanda wa zamani, sura ya mtu ni chembechembe za fedha. Macho yale, machozi yale, vikaenda kupimwa kwenye mizani.

Nilitembea mtaa hadi mtaa: nyumba za kawaida, bustani ndogo, mbwa wanabweka. Mama mmoja wa makamo alikuwa akimwagilia maua. Nikamwamkia, nikamweleza kilichonileta. Akafunga bomba, akanisikiliza hadi mwisho. Kuhusu Juliet hakuuliza kitu.

"Yule mtoto," akasema, "walikuwa wanakaa nyumba ipi?"

Sikuwa na jibu. Tukabaki tunaangalia mtaa, yeye na mimi, maji yakichuruzika miguuni petu.