Siku moja maishani mwangu: kazi ya kubishana kama Kapteni Walker alishakufa

Kazi yangu ni kuandika skripti za chaneli ya video inayochambua stori za magemu, hasa haya ya kijeshi ya kushika bunduki. Watu wakisikia hivo wanajua nashinda nacheza tu. Ngoja niwapitishe kwenye siku moja, siku niliyokuwa namalizia video ya Spec Ops: The Line, gemu ambayo unamcheza huyo Kapteni Walker, mwanajeshi wa Marekani. Spoila zimejaa humu, kama hujacheza usije ukanilaumu.

Saa 1 asubuhi

Kabla sijawasha gemu nasoma meseji za watazamaji maana humo ndo napata vichwa vya video. Nyingi ni nadharia zilezile zinazozunguka miaka yote. Ile ya Ghost na Gaz, wanajeshi wawili wa magemu ya Call of Duty, ndo haifi kabisa, kwamba Gaz wa Call of Duty 4 ya 2007 hakufa pale darajani, akavaa barakoa ya fuvu akarudi kama Ghost kwenye Modern Warfare 2 ya 2009. Ushahidi wao ni sauti, na kweli sauti ni ya mtu mmoja, Craig Fairbrass kawaigiza wote wawili. Sasa Zakhaev, adui mkuu wa gemu ile, anampiga Gaz risasi ya kichwa unamuona kabisa, af komiki waliyoitoa kuhusu Ghost inampa jina lake, Simon Riley, na maisha yake ya nyuma. Studio kumrudisha mwigizaji mzuri sio siri ya stori jamani, ile ni ajira. Nikamjibu jamaa hivohivo, akarudi na "sawa kaka ila mi bado naamini". Haya.

Saa 3

Kurekodi picha. Spec Ops ni gemu ya 2012, studio ya Yager ndo iliitengeneza, kampuni ya 2K ikaisambaza, na Januari 2024 iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni sababu ya leseni kuisha, so kama huna kopi ya zamani ndo basi tena. Mi ninayo. Cha kwanza nazima muziki maana kwenye menyu kuna wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa la Jimi Hendrix, ukiuacha video inakamatwa na haki miliki hata hujaanza kuongea.

Kwa wasiojua: Dubai imefukiwa na dhoruba za mchanga. Kanali Konrad na kikosi chake cha 33 walibaki kusaidia kuhamisha watu, wakapotea, na kilichosikika ni ujumbe wake redioni kwamba uhamishaji umeshindikana na waliokufa ni wengi mno. Kapteni Walker anatumwa na wenzie wawili, Adams na Lugo, kazi ni kuangalia kama kuna walio hai, kisha waite msaada. Simple tu. Walker haiti msaada, anazidi kuingia ndani.

Ila gemu haianzii hapo, inaanzia juu angani, uko kwenye helikopta unafukuzana na helikopta zingine kati ya maghorofa, mnagongana, giza, ndo stori inarudi nyuma mpaka wanatembea kwa miguu kuelekea mjini. Mbele sana kwenye gemu tukio lile la helikopta linafika tena kwa mpangilio wake. Nadharia kubwa ya mashabiki inasema Walker alikufa kwenye ile ajali, na vyote unavyocheza baada ya ule utangulizi ni toharani yake, anarudishwa kwenye dhambi zake hatua kwa hatua.

Saa 4 na nusu

Hapa ndo muda unapoishia. Nadharia hii ina ushahidi wa aina mbili na kazi yangu ni kuutenganisha.

Aina ya kwanza ni vitu vya kuona maruweruwe. Kuna mti una majani mabichi katikati ya mji uliokauka, ukiupita ukigeuka nyuma umebaki mifupa tu. Kuna mabango yenye sura ya Konrad. Kuna watu wawili wananing'inia kwenye kamba, Konrad anakwambia redioni uchague nani afe, na mwisho wa gemu unaonyeshwa walikuwa maiti toka mwanzo na ile redio ilikuwa mbovu. Af kuna ile ya skrini: matukio ya kawaida yanafifia kuwa meusi, ila Walker akiwa anajidanganya yanafifia kuwa meupe. Hii sio mashabiki wamejitungia, mwandishi mkuu wa gemu Walt Williams mwenyewe kaieleza. Nimekaa na hizo fifio fremu kwa fremu mpaka macho yanauma, naandika dakika na sekunde ya kila moja ili edita asinipigie simu usiku.

Shida ni kwamba vitu hivi havihitaji Walker awe amekufa. Wale wa kwenye kamba wanakuja kabla ya ajali kwa mpangilio wa stori, baada tu ya tukio la fosforasi nyeupe, silaha inayounguza watu. Mtu aliyefanya vile anaweza kuchanganyikiwa akiwa hai kabisa.

Na lile tukio ngoja nilieleze maana bila hilo mjadala wote ni hewa. Kambi ya maadui imewazuia, Walker anaagiza fosforasi itumike, Lugo anagoma, anasema siku zote kuna uchaguzi, Walker anamkatalia. Unapewa kioo cheusi cheupe cha kulengea mizinga kutoka juu, watu ni vidoti vyeupe, unabonyeza, moto. Ukiangalia vizuri kile kioo kina mng'ao, sura ya Walker inaonekana humo muda wote unaolenga. Mwishoni kuna kundi kubwa la vidoti limebanana sehemu moja wala halirushi risasi. Unapiga tu kwasababu umeshazoea kupiga. Ukishuka kutembea pale chini unakuta walikuwa raia, na kuna mama kaungua akiwa kamziba mtoto macho kwa mkono.

Sasa niambieni, kama hii yote ni toharani ya maiti, wale ni akina nani? Mapambo? Gemu inaweka mpaka jina lako wewe mchezaji kwenye majina ya waigizaji mwanzoni kama mgeni maalum, kwenye skrini za kusubiri inakuuliza kama unajiona shujaa, yaani imepania uondoke hapo na mzigo. Nadharia inakuja kukutua. Hiyo ndo inayonikera, na ndo nilikuwa nimeamua video iishie hapo.

Saa 7 mchana

Kikao kwa simu na edita wetu, dada mmoja mkali kuliko mimi kwenye haya mambo. Kasoma rasimu, kanyamaza, kaniambia: "Kaka wewe unapiga toleo bovu la nadharia."

Toleo lake liko hivi. Walker alipita yote kwa kweli mara ya kwanza, matembezi, fosforasi, raia, mpaka kwenye helikopta, akafa pale. Kile kinachorudi nyuma baada ya utangulizi ni yeye kurudishwa akaone tena. So wale raia waliungua kweli. Kilicho cha uongo ni yanayofuata baada ya helikopta tu. Na akaja na ushahidi wa aina ya pili, ambao hauelezeki kwa kuchanganyikiwa: tukio la helikopta likifika mara ya pili Walker anashtuka, anasema hii siyo sawa, hili tulishalifanya. Mtu hai atakumbukaje kitu ambacho bado hakijamtokea? Af kwenye moja ya miisho, wanajeshi wamekuja kumchukua, mmoja anamuuliza kwenye gari ulisalimikaje, Walker anajibu nani kasema nilisalimika.

Nilimwacha amalize. Lile la helikopta kwakweli sina jibu lake, limesimama. Na Williams alishaikubali tafsiri ya kifo kwenye ajali kama mojawapo ya njia halali za kuisoma stori, so hatuwezi kusema ni ndoto za watu wasiolala.

Saa 8 mpaka saa 10 jioni

Naandika upya sehemu nzima ya pili. Toleo la dada linaokoa fosforasi ila angalia linachokula upande wa pili. Baada ya helikopta Lugo ananyongwa na umati wa raia. Unafika umechelewa, wamewazunguka, wanawarushia mawe, Adams anaomba ruhusa ya kufyatua. Gemu haikuandikii popote pa kubonyeza kuchagua. Unaweza kuwamiminia risasi, au unaweza kupiga moja juu hewani wakatawanyika wote bila kufa mtu. Wachezaji wengi huwa hawajui kama hiyo ya pili ipo. Kwangu hapo ndo gemu ilipo bora kuliko sehemu nyingine yote, sababu huko nyuma ulishazoeshwa kwamba huna uchaguzi, kumbe unao na hakuna anayekuambia. Ukishakubali kwamba hapo Walker ni maiti, wale raia nao wamekuwa mapambo, na kidole chako kimesamehewa tena.

So msimamo wa video ukawa huu: nadharia ina ushahidi, mmoja wao mzito kweli, na bado ni usomaji dhaifu, maana kila inapogusa inafuta tendo ulilofanya wewe. Tena inaeleza kila kitu, na nadharia inayoeleza kila kitu huwezi kuikamata kwa lolote, ukileta pingamizi unajibiwa "ndo toharani ilivyo". Linganisha na Reznov, mwanajeshi Mrusi kwenye Call of Duty: Black Ops ya 2010. Watu walioshuku kwamba Mason, mhusika unayemcheza, anamuona peke yake walikuwa na kitu cha kupima: rudia misheni za Vietnam, je wenzake Mason, Woods au Bowman, wanaongea na Reznov hata mara moja? Hawaongei. Angejibiwa sentensi moja tu nadharia ingekufa palepale. Hudson, mwenzake mwingine, anapokuja kumwambia Mason kwamba Reznov alikufa miaka nyuma kule gereza la Vorkuta, waliopima walishajua. Hiyo ndo naiita nadharia.

Saa 11 jioni

Kurekodi sauti. Hapa hakuna cha kusimulia, nasoma, nakohoa, narudia.

Saa 1 usiku

Dada kanitumia kipande cha kwanza. Kaweka zile fifio nyeupe na nyeusi pembeni kwa pembeni, safi sana, bila hata maneno yangu unaelewa. Ila kwenye picha ya jalada kaandika "WALKER ALIKUFA" bila alama ya kuuliza. Nikamwambia hiyo ni kinyume cha video nzima. Akanambia watu watabonyeza. Nikasema weka alama ya kuuliza, akasema alama ya kuuliza inapunguza ukali, tumevutana hapo karibu nusu saa kwa jambo la alama moja, mwisho kaiweka ndogo kweli, kwenye kona, unahitaji miwani.

Saa 2 na nusu usiku

Kabla ya kuzima mashine napanga video ya kesho, Call of Duty: Black Ops III ya 2015. Hiyo itakuwa rahisi na tamu. Kabla ya misheni kuna maandishi yanapita kwa kasi kwenye skrini, kila mtu aliyaona ni urembo tu, mashabiki wakayasimamisha na kuyasoma, wakakuta mhusika unayemcheza alikufa kwenye upasuaji baada ya misheni ya kwanza. Na mwishoni kabisa ukiulizwa jina unajibu "Taylor", jina la mhusika mwingine, kitu ambacho wengi tulimaliza gemu tukiwa hatujakielewa. Pale maiti haimsamehei mtu maana stori imejengwa juu yake toka mwanzo, tena kwa maandishi ya watengenezaji wenyewe. Dada keshaniuliza kama kwenye jalada la hiyo anaruhusiwa kutoweka alama ya kuuliza. Anaruhusiwa.