Kivuli Juu ya Panga la Rafadha

Juzi usiku binti yangu alizima taa ya chumbani, akawasha tochi, akaanza kuchezesha vivuli vya mikono yake ukutani. Aliusogeza mkono mmoja kuelekea mwingine mpaka vivuli vikagusana, kisha akauliza, "Baba, vivuli vikigusana, mikono nayo imegusana?"

Nilikawia kumjibu. Swali lake lilikuwa limekwisha kunirudisha kwenye maegesho ya ndege, jioni moja ya miaka mingi iliyopita, nikiwa nimeshika vijiti vya taa vya kumwongoza rubani, mbele ya pua ya ATR 72, ndege ya abiria yenye rafadha (propela) mbili.

Nafasi ilikuwa finyu siku ile. Ndege nyingine ya rafadha ilikuwa imeharibika tangu asubuhi na haikuondolewa mahali pake, kwa hiyo kapteni aliyekuwa anaingia alitakiwa kupita kando yake, kisha akate kushoto kwa nguvu mpaka pua ielekee kule alikotoka, ili baadaye aondoke kwa injini zake mwenyewe bila kuvutwa na trekta. Ni jambo ambalo ndege hizi hulifanya kila siku. Gurudumu la pua la ATR 72 hukunjwa hadi nyuzi 60, na ndege yenye urefu wa mita 27 hujizungusha mahali ambapo dereva wa lori angesita kuingia.

Hatari, hata hivyo, haiko puani. Ndege ikikata kushoto namna hiyo, ncha ya bawa la kulia huchora tao ambalo nusu kipenyo chake kinakaribia mita 20, na usukani mdogo unaoligeuza gurudumu la pua uko mkono wa kushoto wa kapteni, ambaye ameketi upande wa kushoto. Anayeigeuza ndege, basi, halioni vizuri bawa linaloweza kugonga. Rubani msaidizi, anayeliona, hana usukani. Nami niliyesimama mbele yao niliiona ncha ya bawa na ndege ya jirani kana kwamba zimepangwa kwenye mstari mmoja, nisiweze kupima kwa jicho ipi iko mbele na ipi iko nyuma. Ndiyo sababu huwekwa mtu chini ya ncha ya bawa, na macho yake huwa ndiyo macho yetu sote. Kazi yake nayo si nyepesi, maana bawa la ATR liko juu ya kichwa, na ni rahisi kulipima kwa kutazama mistari iliyochorwa chini ukakosea kwa hatua nzima.

Ndege ilikuwa inakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Ilikuwa imebakiza sehemu ndogo ya mzunguko wake pale upepo wa rafadha ulipoinua vumbi, na mwenzangu aliyekuwa chini ya bawa akageuza uso na kuinua kiganja kukinga macho. Kijiti alichokuwa amekiinua kunijulisha kuwa njia ni salama kikashuka. Labda kilishuka kwa muda wa pumzi moja tu. Katika pumzi hiyo nilitazama kule alikokuwa anatazama yeye, nikaona kivuli. Jua lilikuwa limeshuka, na kivuli cha ncha ya bawa kilikuwa kinatambaa juu ya saruji, kirefu na chembamba, kikafika chini ya injini ya ndege iliyoharibika, kikapanda juu ya panga moja la rafadha yake iliyotulia. Nililiona panga lile likiingia giza kuanzia ncha mpaka karibu na kitovu. Hapo sikuona tena kivuli, niliona bawa.

Kuna namna mbili za kumwambia rubani asimame. Ya kawaida ni kunyoosha mikono pembeni, kisha kuipandisha polepole mpaka vijiti vipishane juu ya kichwa, naye hupata muda wa kuituliza ndege. Ya dharura ni kuipishanisha ghafla. Mimi niliipishanisha ghafla. Kapteni alikanyaga breki bila kuuliza, pua ikainama, na ndege ikatikisika na kutulia.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Injini zilizimwa na kabari zikawekwa. Kurudi nyuma kwa kugeuza pembe ya mapanga hakukufikiriwa kwa muda mrefu, kwa kuwa upepo unaosukumwa mbele huinua mchanga ambao injini huweza kuuvuta ndani, na breki ikikanyagwa ndege ikiwa inarudi nyuma, mkia unaweza kuketi chini. Tuliita trekta. Wakati tunaingoja, mhudumu mmoja wa ndani alishuka ameushika mkono wake wa kulia. Alikuwa amesimama breki zilipofungwa, akajigonga kwenye kiti. Nilimwomba radhi. Alisema si kitu, lakini hakuuachia ule mkono.

Tulipima kwa utepe, kutoka chini ya ncha ya bawa hadi chini ya panga. Ilikuwa mita tatu na ushei. Viwango vya kimataifa vinataka mita 4.5 kati ya ndege ya ukubwa huo na kitu kingine katika sehemu yake ya kuegesha, kwa hiyo kwa karatasi nilikuwa na haki. Lakini kapteni alizunguka nami chini ya bawa, akanionyesha kwa kidole tao lilivyokuwa linaelekea, akasema kwa upole, "Kijana, nadhani bawa lilikuwa limekwisha kupita mahali pa karibu zaidi. Lilikuwa linaanza kuondoka." Mwenzangu wa chini ya bawa alishikilia kwamba bado lilikuwa linaikaribia ndege ile nyingine. Trekta iliposogeza ndege, alama za magurudumu hazikutusaidia kuamua.

Nimewafundisha vijana wengi tangu hapo, na kila mara nikifika kwenye ishara ya dharura nauona mkono wa yule mhudumu. Huwaambia wasisite kusimamisha ndege, nami nalisema hilo kwa moyo wote. Kuhusu kivuli sijawahi kuwaambia.

Binti yangu hakuningoja nijibu. Alisogeza tochi kidogo, na vivuli vikaachana ukutani. Mikono yake ilikuwa palepale.