Siku moja ya mpeleka mboga za kilimohai nyumbani

Saa 10 alfajiri mzigo unafika, na kazi ya kwanza ni kuuondolea joto la shamba. Mboga za majani zinaingia chumba cha baridi, nyuzi 0 hadi 4. Nyanya na ndizi hazifuati huko: nyanya ikikaa chini ya nyuzi 10 inapoteza ladha, na ndizi chini ya 13 ganda linakuwa jeusi. Viazi vinakaa gizani, la sivyo vinageuka kijani, na ukijani huo si wa kula.

Saa 11 ni kuchambua. Watu hudhani kazi yetu ni kuendesha gari na kugonga mageti. Lakini mteja akihama supamaketi anaacha pia mkono wake uliokuwa ukiminya parachichi na kugeuzageuza nyanya, na mkono huo sasa ni wangu. Parachichi laini ni la leo, gumu ni la siku nne mbele. Nayapakia yote mawili. Karoti nazikata majani, maana yanaendelea kuzinyonya maji, ila siziogeshi. Ikiwa na udongo wake hukaa zaidi.

Kwenye boksi vizito chini, majani juu. Kosa la wapakiaji wapya ni kuweka tufaha au ndizi mbivu karibu na spinachi. Matunda hayo yanatoa gesi ya ethilini: spinachi inapata umanjano, karoti inakuwa chungu. Barafu nayo lazima itengwe kwa karatasi, jani likiigusa linaungua. Garini, boksi la nyumba ya mwisho linaingia kwanza.

Saa 2 hadi saa 5, nyumba baada ya nyumba, hakuna la kusimulia.

Kisha mteja mgeni; hakuna wiki anakosa kutokea mmoja wa namna hii. Simu haipokelewi, geti limefungwa, na nikisubiri jua linapiga bati la gari. Akitoka anafungua boksi palepale. "Kaka, mbona karoti zimepinda? Na hili jani lina matundu!" Supamaketi hazikuwa zikipinda kwa sababu zilizopinda zilichujwa kabla ya kufika rafuni. Matundu ni mdudu aliyetangulia kula. Kilimohai kinakataza dawa na mbolea za viwandani, ingawa zipo dawa za asili zinazoruhusiwa, kwa hiyo kuosha ni lazima. Akiona vidukari: maji baridi lita 1, chumvi kijiko 1, loweka dakika 10, suuza kwa maji yanayotiririka. "Na brokoli yangu iko wapi?" Imebadilishwa na koliflawa. Hapo ana haki, tulipaswa kumpigia kabla ya kufunga boksi.

Tukibishana hivyo mlango wa gari uko wazi, joto linaingia, majani baridi yanatoka jasho. Jasho ndani ya mfuko ni ute kesho yake, na atakayelalamika ni mteja mwingine kabisa.

Baada ya hapo saa siitazami tena. Miguu inauma, yaliyobaki yanashushwa, kreti tupu zinakusanywa, zinaoshwa na kuanikwa zikiwa zimepinduliwa.

Usiku oda za kesho zinapofungwa, mgeni wetu yumo. Chini kabisa ameandika: karoti kilo 2, zilizonyooka tu. Nazitenga. Zilizopinda zitaenda kwa wanaokamua juisi, ambao hawajali.